Nikikata kuni karibu na kambi, mama mpiga mayowe anakuja: ni shoka au ni moto?

Shoka_Butu (Kisauni)
Salaam wanajukwaa. Naomba msaada wa 7 Days to Die, ile gemu ya mazombi, toleo la kompyuta. Kambi yangu ni nyumba ya mbao msituni, kwenye ramani ya Navezgane. Kila nikitoka kukata misonobari iliyo nyuma ya nyumba, kabla mkoba haujajaa, yule mama mpiga mayowe, zombi anayeita wenzake, ashafika. Akiniona tu apiga ukelele, na kundi zima laniangukia. Nikienda kukata mbali, kule bondeni, nafyeka nusu ya msitu na hakuna anayenijia.

Rafiki yangu asema ni kelele za shoka. Mimi nasema shoka ni lile lile huku na kule. Basi ni nini? Na musinambie nitumie msumeno wa petroli, petroli yenyewe naitafuta kwa tochi.

MtuWaBuxton
Tanuri unalo? Moto wa kupikia? Mienge ukutani? Gemu ile huhesabu joto kwa eneo. Tanuri huongeza, moto wa kupikia huongeza, mwenge huongeza, risasi nazo pia. Likizidi kiwango, mama hutumwa aje aangalie kuna nani. Ukikaa kimya muda, joto hupungua lenyewe. Bondeni huna tanuri, ndiyo maana hakuna anayekusumbua. Shoka umelisingizia.

Shoka_Butu
Shukran. Tanuri ninalo, nayeyusha chuma nipate misumari. Lakini huwaka hata nikiwa ndani napanga masanduku, na hakuna anayekuja. Nikishika shoka tu, huyo!

BintiWaTudor
Jiulize wakata kuni wakati gani. Wakata zikiisha. Na zimekwishaje? Tanuri limezila. Kwa hiyo ukitoka na shoka, tanuri lishawaka muda mrefu na joto lishapanda. Wewe na huyo mama nyote wawili mumeitwa na tanuri, mumekutana tu hapo nyuma ya nyumba.

MtuWaBuxton
Dada amelisema vizuri kuliko mimi. Uzi ufungwe.

NahodhaBilaChombo (Likoni)
Usifungwe. Hamjanishawishi. Bunduki huongeza joto kwa nini? Kwa sababu ya kelele. Kama kelele za bunduki zahesabiwa, kelele za shoka zaachwaje? Shoka la chuma kwenye mti mkavu hulia mpaka mtaa wa pili, na ule mti ukianguka je? Mimi nishawahi kukaa bila moto wowote, nala vyakula vya mkebe tu, na nilipoanza kufyeka mama alikuja.

MtuWaBuxton
Ulikuwa na mishumaa?

NahodhaBilaChombo
Mishumaa ni ya kuonea njia, si ya kufua chuma.

MtuWaBuxton
Basi haukuwa “bila moto wowote”.

Kijana_wa_Majengo
Mimi kwangu mama huyo haji hata niwashe moto wa harusi. Nacheza PS4 pale kwa jamaa, tunalipa kwa saa. Labda kompyuta zenu ndizo zina matatizo.

BintiWaTudor
PS4 mwacheza gemu nyingine kabisa, babu. Toleo la PS4 lilitoka 2016 kupitia kampuni ya Telltale, na Telltale wakafunga milango 2018. Masasisho nayo yakakatika. Toleo la 1.0 lilipotoka Julai 2024, upande wa vidude vya kuchezea lilienda PS5 na Xbox mpya tu. Usilinganishe.

Kijana_wa_Majengo
Kumbe nacheza mabaki! Na nyinyi mulikuwa mwalipia nini miaka yote hiyo kama gemu ilitoka 2024?

BintiWaTudor
Ilianza kuuzwa Desemba 2013 ikiwa bado yajengwa. Wengine tulinunua ikiwa haina hata paa.

Mzee_wa_Mikoko (Tudor)
Vijana, nawasoma tu. Serikali ilipiga marufuku kukata miti msituni Februari 2018, rais akaja kuondoa marufuku Julai 2023. Miaka mitano watu wa mbao walilia. Kumbe nyinyi mulikuwa mwafyeka msitu mzima usiku, na hakuna askari wa misitu wa kuwashika. Huyo mama mpiga mayowe huenda ndiye ofisa wa misitu.

Shoka_Butu
😂😂 Mzee, hapo umemaliza. Lakini nakata na kupanda. Ukiukata mti mpaka kisiki mara nyingine wakupa mbegu, wauchimbia kishimo na baada ya muda una mti tena. Mimi nimepanda safu mbili mbele ya lango.

Mzee_wa_Mikoko
Hiyo ni kheri. Nenda kaone Bamburi, lile machimbo la mawe ya saruji. Kuanzia 1971 René Haller wa kiwanda hicho cha saruji alipanda mivinje juu ya jiwe tupu, mahali ambapo hata nyasi ilikataa, na leo ni msitu wenye twiga. Mvinje haubagui udongo. Hiyo gemu yenu ina mivinje?

Shoka_Butu
Haina. Ina misonobari na mingineyo ya Marekani.

FundiWaMagongo
Naomba niingie japo mimi si mchezaji. Mchezaji ni mwanangu, nami ni seremala. Juzi nilisimama nyuma yake nikaona apiga mti ngumi ukatoa kuni. Nikamuuliza, na mbambakofi pia waupiga ngumi? Akacheka. Kisha akaokota vijiwe na vijiti, akang'oa nyasi, akabonyeza, papo hapo shoka! Shoka la nyasi!

Sasa nisikilizeni. Shoka la chuma lina tundu. Mpini waingizwa, na juu yake wagonga kabari ndani ya kichwa cha mpini ili upanuke usichomoke. Ukikosa kabari, siku moja chuma kitaruka kimpate aliyesimama nyuma yako. La jiwe ndilo la kufunga, na kufunga si kwa nyasi, ni kwa ngozi mbichi. Ikikauka yakaza yenyewe.

Mzee_wa_Mikoko
Fundi, kwa ngozi sina neno, lakini nyuzi usizidharau. Mtepe wa watu wa Lamu ulishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi, hauna msumari hata mmoja, nao ulibeba boriti baharini. Kama nyuzi zashika chombo kwenye maji, zitashindwa na kijiwe?

FundiWaMagongo
Hapo Mzee umenipata kidogo. Ila makumbi husokotwa, si ya kung'oa na kufunga. Kuna kazi ya kuloweka, kuponda na kusokota, na wanaoijua wamebaki wachache. Kwenye gemu hiyo kazi yote ni kidole kimoja.

NahodhaBilaChombo
Fundi, hata babu zetu wa kale walikuwa na mashoka ya jiwe yenye mipini. Nendeni Olorgesailie huko njia ya Magadi, yamelala chini mpaka leo.

BintiWaTudor
Ya Olorgesailie hayana mipini, Nahodha. Yale huitwa mashoka ya mkono, yalishikwa hivyo hivyo kiganjani. Mipini ilikuja baadaye sana. Na yalichongwa kwa mawe ya volkano, si jiwe lolote tu.

NahodhaBilaChombo
Basi leo nimeamkia upande wa Binti. Kila nikifungua mdomo nakutana naye.

Mwanahawa_wa_Simu
Na sisi wa simu mututaje jamani. Last Day on Earth, ya 2017. Shoka ni magogo matatu ya msonobari na mawe matatu ya chokaa, sururu vile vile. Hakuna nyasi Fundi, usikasirike. Magogo hukaa ishirini ishirini kwa kila nafasi ya mkoba, na mkoba wenyewe mdogo, kwa hiyo nusu ya maisha yangu ni kurudi nyumbani kumwaga mzigo. Kukimbia eneo hadi eneo kwala nguvu. Ukitembea nguvu hazipungui, lakini wangoja kwa saa ya kweli. Mimi humtuma mhusika wangu atembee, nikaenda kukaanga viazi karai.

FundiWaMagongo
Chokaa? Shoka la jiwe la chokaa?

Mwanahawa_wa_Simu
Ndivyo ilivyoandikwa.

FundiWaMagongo
Mama, hapa Mombasa sote twakaa juu ya jiwe la aina hiyo. Jiwe la matumbawe walikata kwa shoka na msumeno, wakajengea nyumba za Mji wa Kale na Fort Jesus yenyewe. Ndilo linalokatwa! Ukilipiga kwenye gogo la mwembe lavunjika vipande, na mwembe utabaki wakuangalia.

Mzee_wa_Mikoko
Na dari za nyumba hizo ni boriti za mikoko. Mukate mikoko basi, muache misonobari ya watu. (Natania. Msiguse mikoko ya Tudor!)

Shoka_Butu
Uzi wangu umekuwa semina ya mawe. Turudi: mama anaitwa na nini?

Kibanda_cha_Zomboid (Changamwe)
Mukitaka jibu la shoka, tokeni huko njooni Project Zomboid. Huko hakuna siri. Ukikata mti, kelele zinasikika na mazombi walio karibu wanakuja. Kwa hiyo sisi hukata asubuhi mbali na mji, tunasafisha eneo kwanza, mmoja anakata mwingine anachunga. Na hupigi mti ngumi. Bila shoka, wazunguka porini utafute tawi na jiwe lenye makali, wachana shuka au shati la maiti vipande vya kufungia, ndipo upate shoka la jiwe, nalo lafa upesi. Gogo moja kwa msumeno latoa mbao tatu. Fundi, hiyo je?

FundiWaMagongo
Tatu za upana gani? Gogo la unene gani? Gogo jembamba litakupa mbao moja ya maana, mengine ni mabanzi. Gogo nono laweza kutoa kumi. Na mbao mbichi hiyo waipigilia msumari siku hiyo hiyo? Ikikauka itapinda, msumari utalegea, na hilo zombi lako halitahitaji kuvunja mlango, litausukuma tu.

Kibanda_cha_Zomboid
Hakuna kukausha. Gemu haikufika huko. Ila useremala huko ni elimu: wasoma vitabu vya ufundi kwanza ndipo mazoezi yakupe faida zaidi, na siku za mwanzo runinga bado ina kipindi cha useremala kwenye idhaa ya Life and Living. Ukikikosa, kimekupita. Mimi nikianza mchezo mpya kazi ya kwanza si maji wala chakula, ni kutafuta nyumba yenye runinga.

Kijana_wa_Majengo
Mazombi wako mlangoni, wewe uko kwa kochi waangalia useremala 😂

Kibanda_cha_Zomboid
Ndiyo, na sauti chini. Mchezo waanza Julai 1993, Kentucky, umeme bado upo. Baadaye wakatika moja kwa moja.

Mwanahawa_wa_Simu
Umeme kukatika sisi hatuhitaji gemu itufundishe.

NahodhaBilaChombo
Mumeona? Kibanda amesema mwenyewe: shoka lina kelele, kelele huita. Gemu zote za mazombi zimejengwa kwa wazo hilo.

MtuWaBuxton
Zomboid ni Zomboid. Gemu mbili tofauti, waliozitengeneza tofauti. Ni kama kusema gari la Likoni laenda Mtwapa kwa sababu yote mawili ni matatu.

NahodhaBilaChombo
Matatu yote huhitaji barabara, yakhe.

Kibanda_cha_Zomboid
Kwa wenye hamu, toleo la 42 lilipofunguliwa Desemba 2024 kwa majaribio wameongeza kuchonga mawe na uhunzi. Sasa waweza kuanza na jiwe ukamaliza na nyundo uliyoifua mwenyewe. Mwanzo wa mchezo umekuwa mgumu zaidi, na mimi naupenda hivyo. Watu wengi hulalamika kwamba misuli ya mhusika hulegea akikata miti mfululizo. Nawauliza, mumeshawahi kukata mti?

FundiWaMagongo
Huyu kijana ana akili. Mti haukatwi kwa kuupiga mahali pamoja kutoka upande uliosimama. Waanza na mdomo upande unaotaka uangukie, kisha waenda nyuma yake, juu kidogo ya mdomo, ndipo wakata wa kuuangusha. Na wajua njia ya kukimbilia kabla hujaanza. Mwanangu yeye husimama popote, apiga, mti walala unapotaka wenyewe.

Shoka_Butu
Sawa Fundi, lakini mama mpiga mayowe...

Pweza_Mkavu (Nyali)
Nachelewa kuingia. Kuna jambo hamjalitaja: makundi yanayozurura. Hata ukikaa gizani bila moto, gemu hukutumia kundi linalopita njia. Watu huona kundi wakadhani limeitwa, kumbe lilikuwa lapita. Shoka_Butu ukiwa nje wakata kuni ndipo unapoliona. Ukiwa ndani limepita nyuma ya ukuta na hukujua. Kwa hiyo si shoka wala tanuri, ni kwamba ulikuwa nje.

BintiWaTudor
Hilo laeleza kundi, halielezi mama. Yeye haji na kundi, yeye ndiye anayeliita. Shoka_Butu alisema amemwona akipiga ukelele kwanza.

Pweza_Mkavu
Na mbona bondeni hamuoni kabisa? Kule anakata mchana, nyumbani labda anakata jioni akirudi. Saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri mazombi hukimbia. Nauliza saa ngapi, hakuna aliyeuliza saa ngapi.

Shoka_Butu
Nyumbani hukata saa yoyote. Mama huja mchana pia.

Kijana_wa_Majengo
Nina nadharia. Mombasa mwezi wa pili, chumba bila feni, kompyuta yako yachemka. Gemu yaona joto. Mama anakuja kukuona wewe mwenyewe.

Mwanahawa_wa_Simu
😂😂😂 Nimecheka mpaka simu imeanguka.

MtuWaBuxton
Tufanye jaribio basi. Kijana, naskia sasa umepata kompyuta. Wewe, Nahodha na Shoka_Butu ingieni seva moja, mujenge kambi mpya, tanuri lisiwashwe, musipike, musipige risasi. Nahodha akate miti kando ya nyumba mpaka achoke. Mama akija, ni shoka. Asipokuja, Nahodha aombe radhi hapa hapa.

NahodhaBilaChombo
Niko tayari. Na akija, wewe utuletee mahamri na mbaazi za watu watatu.

BintiWaTudor
Hata hivyo jaribio hilo lina tundu. Mama asipokuja huenda kelele za shoka ni ndogo tu na hamkukata vya kutosha. Zaweza kuwa zahesabiwa kidogo kidogo juu ya joto la tanuri, zikawa ndizo zinazolivusha kiwango. Kwa nadharia hiyo wote muna haki, na wote hamuna.

MtuWaBuxton
Binti, usituharibie, mahamri yameshatajwa.

Mzee_wa_Mikoko
Mukimaliza jaribio mupande miti mliyokata.

Shoka_Butu
Tumerudi. Tulijenga kando ya ziwa, nyumba ya fremu za mbao, tukaziimarisha kwa shoka la jiwe. (Wageni: shoka hilo ndilo pia nyundo yenu ya kurekebishia kuta, msilitupe mkipata la chuma.) Nahodha alikata, mimi nilipanga, Kijana alichunga. Mara ya kwanza tulikata mpaka ufukwe ukawa mweupe, hakuna kitu. Tukalala, kesho yake tukakata upande wa pili. Mama akaja.

NahodhaBilaChombo
Mahamri.

MtuWaBuxton
Ngoja kwanza. Moto?

NahodhaBilaChombo
Hakuna moto. Tulikula vya mkebe baridi, tumbo langu ni shahidi.

Pweza_Mkavu
Mulikuwa karibu na nyumba ya watu wengine kwenye seva? Joto huhesabiwa kwa eneo. Jirani akiwasha tanuri lake, mama hajui nani ni nani.

Shoka_Butu
Kulikuwa na kambi ng'ambo ya ziwa. Sijui kama walikuwa wamewasha.

BintiWaTudor
Na siku ya pili ilikuwa ya ngapi tangu mwanzo? Isije ikawa mulikuwa mwakaribia ya saba, usiku wa kundi kubwa.

Shoka_Butu
Bado mbali.

MtuWaBuxton
Jirani ng'ambo ya ziwa. Jaribio ni batili, mahamri yamebaki Buxton.

NahodhaBilaChombo
Watu wa kisiwani hamulipi madeni, sikatai.

Pweza_Mkavu
Mienge je? Hata mmoja? Kijana hajasema kitu tangu warudi.

Kijana_wa_Majengo
Mmoja tu. Kwenye kichumba cha nyuma.

MtuWaBuxton
MWENGE!

Shoka_Butu
Kijana! Tulikubaliana nini?

Kijana_wa_Majengo
Gemu ya kompyuta ina giza sana, mimi nimezoea runinga kubwa. Na mwenge mmoja utaita nini? Binti amesema mwenyewe mambo hujumlishana kidogo kidogo. Labda ni mwenge nusu na shoka nusu.

BintiWaTudor
Usinitie mimi kwenye mwenge wako.

NahodhaBilaChombo
Siku ya kwanza mwenge ulikuwepo?

Kijana_wa_Majengo
Ulikuwepo.

NahodhaBilaChombo
Basi mbona mama hakuja siku ya kwanza? Mwenge ni ule ule! Kilichoongezeka ni miti.

MtuWaBuxton
Kilichoongezeka ni muda wa mwenge kuwaka.

FundiWaMagongo
Samahani, hicho kichumba cha nyuma mulikuwa mwaweka nini?

Kijana_wa_Majengo
Kuni na mbao zote.

FundiWaMagongo
Mwenge uwashwe ndani ya stoo ya mbao, usiku kucha, na munabishana kuhusu mazombi? Njoo karakana kwangu Jumatatu, nikuonyeshe ndoo ya mchanga inawekwa wapi.